Pampu ya Bei Rahisi

Kwa miaka yote niliyokuwa nimemuoa binti yake, sikujua kama mama mkwe wangu ana mwanya au hana. Mwanamume kumkodolea macho mama mkwe ni utovu wa adabu, na yeye kumkodolea mkwe ni hivyo hivyo. Mimi nilikulia Manyoni. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na pale stesheni makabila yalichanganyika mpaka adabu zikapungua ukali. Kinyangiri, kwenye ua wa mama yule, hazikupungua hata kidogo. Nikifika naamkia nikiwa kwenye lango la ua, nimegeukia zizi la mbuzi. Yeye anaitikia marahaba amegeukia jiko. Habari za safari, za watoto, za mvua, zote zilipitia kwa mke wangu, aliyesimama katikati akirudia maneno ambayo sote wawili tulikuwa tumeshayasikia.

Basi ndiye mama huyo niliyejitolea kumwekea marumaru, au tailizi kama tunavyosema kazini.

Alikuwa na kifua. Daktari wa zahanati alimkataza vumbi na moshi, na nyumba yake ilikuwa na saruji ya zamani iliyobanduka, kila ikifagiliwa inatoa vumbi kama kinu. Mama hakumwambia mtu. Akauza kuku kidogo kidogo, akanunua marumaru kidogo kidogo, akazipanga chini ya kitanda mpaka zikatosha. Mke wangu alipoziona akalia. Mimi nilipoziona nikasema, mbele ya wajomba na mashangazi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Kazi hiyo mniachie mimi. Kabla ya Jumapili mama analala ndani ya nyumba inayong'aa." Hakuna aliyeniomba kutaja siku. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, hutangulia kufika kisha mimi nautafuta kwa nyuma.

Tena niliringia mashine. Nina mashine ya kukatia kwa maji, ya mtumba lakini nzima: meza ya bati, diski inayozunguka katikati, na chini yake trei. Ndani ya trei inakaa pampu ndogo, haizidi embe, inayonyonya maji na kuyarusha juu ya diski. Maji yanapoza diski, yanalaza vumbi, yanarudi kwenye trei, yananyonywa tena. Ndoo moja ya maji inakata kutwa. Pampu ikifa, kilichobaki ni meza.

Tulitoa vyombo vyote nje. Kitanda cha mama kikahamishiwa jikoni, kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, pamoja na moshi wake na kuku wake. Mke wangu alisimama mlangoni akakitazama kitanda kile kwa muda. "Ni siku chache tu," nikamwambia. Mimi mwenyewe ningelala kwa jirani, maana mkwe halali kwenye ua wa mama mkwe. Kesho yake mke wangu ilibidi arudi kwetu Mandewa, Singida mjini, kwa watoto na kwenye meza yake ya vitunguu sokoni.

"Na nyie mtaongeaje?" aliniuliza akiwa ameshapanda pikipiki.

"Kwani tunaongeaga?" nikamjibu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachanganya saruji niliposikia sauti kutoka nyuma ya nyumba: "Kuku wewe, hebu mwulize fundi kama uji wake ameukuta." Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tetea mwekundu anayeparua karibu na pipa la maji, na mkono wa mama ukionekana kwenye kona ya ukuta, unapepeta kitu. Kwenye kizingiti kulikuwa na kikombe cha uji kilichofunikwa. Nilisimama pale nikijiona mjinga, kisha nikamwambia yule tetea kwamba mama aambiwe uji nimeukuta, na ahsante.

Tukazoea. Kuku wake alizungumza nao Kinyiramba siku zote, kuwafukuza na kuwatukana. Akianza Kiswahili tu, nilijua ni mimi. "Kuku, mwambie fundi jua limepanda, apumzike." "Kuku, mwambie fundi maji asichote, watu wakimwona mkwe na dumu kisimani nitaweka wapi uso wangu." Hilo la maji liliniuma. Alikuwa anaamka kabla ya adhana, anakohoa njia nzima mpaka kisimani, na nikifika kazini pipa limejaa. Lakini nilijifariji kwamba mashine yangu haili maji mengi, kwa sababu ya pampu.

Pampu niliiua mimi. Chumba cha kwanza kilikuwa kimekwisha vizuri, nimeanza sebule, akanipigia fundi mwenzangu wa mjini. Nikaiacha mashine inaunguruma, maji ya trei yamebaki kidogo, nikatoka hadi barazani kumsimulia. "Kazi ya mama mkwe? Kesho kutwa nafunga, wewe njoo ule kuku." Nilipomaliza kujisifu trei ilikuwa imekauka kitambo, na harufu ya plastiki imejaa sebuleni. Nikaitoa pampu, ikaniunguza vidole.

"Kuku," ikasema sauti ya nyuma ya nyumba, "hiyo harufu ni ya nini?"

"Mwambie mama ni kawaida," nikasema.

Nikajaribu kukata bila maji, kipande kimoja tu, nione. Diski ikapiga kelele, vumbi jeupe likapanda mpaka kwenye kenchi za paa, likatokea dirishani, upepo ukalichukua moja kwa moja hadi jikoni. Kipande chenyewe kikapasuka katikati. Halafu nikamsikia akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Kilianza, kikaendelea, nikadhani kimekwisha, kikaanza upya. Nilizima mashine nikakaa juu ya ndoo na vile vipande viwili mkononi, vya marumaru aliyoinunua kwa kuku wake, nikasubiri anyamaze.

Nikaweka ndoo juu ya stuli na mpira mwembamba wa kutonesha maji kwenye diski. Maji safi yalishuka sawasawa, lakini yakishaingia kwenye trei ni tope, na tope nikilirudisha kwenye ndoo mpira unaziba. Ningehitaji maji mapya kila mara. Na maji mapya yalitoka juu ya kichwa cha mama mkwe wangu. Kuomba mtu aje anishikie jagi na kumwagia diski maji sikutaka kabisa. Ilikuwa msimu wa kuvuna alizeti, watu wako mashambani, na hata wangekuwepo, kumwita jirani ni kutangaza kijiji kizima kwamba yule mkwe mwenye mashine hana mashine. Mbele yangu zilibaki kona zote za sebule na chumba cha mama mwenyewe, na katika nyumba ile hakuna kona iliyonyooka. Kila kipande cha pembeni kilitaka kukatwa.

Nikamwambia kuku amwambie mama kwamba naenda mjini kuongeza vifaa. Nikachukua pikipiki hadi lami, na kutoka hapo gari la Singida.

Sijui kwa nini watu hudhani mjini kuna kila kitu. Duka la kwanza, muuzaji aliigeuza pampu yangu iliyoungua mara mbili kama anayekagua nyanya, akasema, "Hii haiuzwi peke yake, bosi. Chukua mashine nzima." Duka la pili wakanitolea pampu ya kisima, ndefu kama mguu wangu. La tatu walikuwa nayo kweli, pampu ya chemchemi za bustani, zile za mahotelini, kipimo kile kile. Bei aliyoitaja ilikuwa inakaribia niliyonunulia mashine yenyewe. Nikamuuliza kama inakuja na hoteli yake. Hakucheka. Akasema naweza kuagiziwa ya bei ya chini kutoka Dar, itafika wiki ijayo au inayofuata.

"Mtu analala jikoni," nikamwambia.

"Nani?"

Ningemwambia nini, kwamba ni mama mkwe wangu, mgonjwa wa kifua, na aliyemlaza huko ni mimi kwa sababu ya simu? Nikaaga.

Kutoka dukani kwenda stendi, njia fupi inapita sokoni. Nilimwona mke wangu kwa mbali, amekaa nyuma ya rundo la vitunguu, anacheka na mteja. Nikageuka nikazunguka nyuma ya mashine za kukamua alizeti, mwendo mrefu, juani, mtu mzima namkwepa mke wangu wa ndoa katika mji ninaoishi. Njiani nilijiambia kwamba sitaki kumtia wasiwasi. Hata mimi sikuliamini hilo. Nilichokuwa nakikimbia ni swali lake moja tu: mama anaendeleaje?

Mpiga debe mmoja stendi, aliponiona na pampu mkononi, aliniambia vitu kama hivyo vinapatikana Shelui, kwenye spea za malori. Nikapanda. Malori yakishashuka mlima Sekenke hupumzika pale, na kila linalopumzika huacha kitu: taa, kioo, betri, mpira. Kijana mwenye meza ya spea alinisikiliza, akafukua kwenye boksi, akatoa kipampu cha kurushia maji kwenye kioo cha gari dogo. Cheusi, kidogo, kizima. Akakiunganisha na betri ya pikipiki akakitumbukiza kwenye ndoo, maji yakaruka juu ya paa la kibanda. Bei yake ilinifanya nitake kumkumbatia, na betri iliyochoka akaniongezea.

"Ila fundi," akasema, "hii ni ya kurusha kidogo kidogo. Siyo ya kufanyia kazi kutwa."

Nilimwambia nilianza kushika mashine yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekuwa ananiambia ukweli bure.

Nilirudi Kinyangiri jua limeshazama. Kutoka kwa jirani nilikolala, alfajiri, nilisikia kikohozi kikitoka jikoni kikienda njia ya kisimani, kikarudi. Nililala macho wazi. Nilijiambia kwamba leo leo, kabla jua halijachwa, sebule inakwisha, kesho chumba chake, na kitanda kinarudi ndani.

Nilifunga kipampu ndani ya trei kwa waya. Mpira wake nikauelekeza kwenye diski, nikaubana kwa kibanio cha nguo maana kibanio cha mashine kilikuwa kikubwa. Nilijua ni ufundi wa hovyo. Nikainama, nikagusisha waya kwenye betri.

Kipampu kile kiliumbwa kurusha maji yapambane na upepo wa barabarani. Mpira ulirukaruka, ukachomoka kwenye kibanio, ukasimama wima kama nyoka aliyekanyagwa, ukageukia mlangoni. Na mlangoni, ameinama kuweka kikombe changu cha uji kwenye kizingiti, alikuwa mama mkwe wangu.

Maji yalimpata kichwani, yakashuka usoni, yakashuka kifuani. Hayakuwa maji hata. Yalikuwa ule uji mweupe wa vumbi la marumaru, tope la siku zote. Kikombe kilianguka. Mimi nilikuwa nimeganda na waya mkononi, na badala ya kuuachia nikaendelea kuushika, kwa hiyo nikaendelea kumwagia.

Nilipouachia, kuku wote walikuwa wameshakimbia. Nikachuchumaa chini nikaugeukia ukuta. "Mama, nisamehe," nikasema. Nilisema naye moja kwa moja, kwa sauti, bila kuku, na kosa hilo nalo nikaliongeza juu ya lile la kwanza. Zamani makosa kama hayo mtu alipeleka mbuzi na wazee wakakaa. Ningefurahi kupeleka mbuzi. Ningepeleka zizi zima ili mradi nisiwe pale, katika ile sebule, na nyayo zake zikisikika zikienda jikoni taratibu, chwa, chwa, za mtu mzima aliyeloa.

Kisha akaanza kukohoa.

Niligusisha waya tena, kwa hasira, sijui nilitaka kukikomoa kipampu au kujikomoa. Kikalia kama mbu, kikapunguza sauti, kikanyamaza. Tope lilikuwa limeshakiziba na joto limekimaliza. Nikaanza kukusanya vifaa. Nilikuwa nimeamua kwenda mjini, nimwambie mke wangu kila kitu, tukope tununue ile pampu ya mahotelini, anisimange mpaka tuzeeke. Nilikuwa nakunja waya niliposikia nyayo zile zile zinarudi.

Alisimama mlangoni. Nikatazama chini, nikaona miguu yake, bado ina tope jeupe, na ncha ya kanga kavu aliyojifunga kiunoni juu ya gauni lililoloa. Mkononi alikuwa ameshika jagi la kunawia, lile la plastiki la bluu ambalo wageni hunawishwa kabla ya kula.

Nilisubiri amwambie kuku. Kuku hawakuwepo.

"Wameingia kwenye alizeti," akasema. "Na mimi nimeshaloa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Washa mashine yako."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi. Nilitaka kukataa. Nilitafuta neno la kukataa ambalo mkwe anaweza kumwambia mama mkwe ana kwa ana, sikulipata, kwa sababu hatujawahi kuwa na maneno hayo. Nikawasha.

Alisimama begani kwangu, uso ameugeuzia ukutani. Mimi macho yangu yakawa kwenye diski. Anachota kwenye trei, anamwaga juu ya diski, anachota, anamwaga. Maji yalishuka membamba na hayakukatika, kwa sababu kunawisha watu ni kazi aliyoifanya maisha yake yote na mkono wake ulijua. Vumbi halikupanda hata chembe. Nikipindisha kipande, mkono wake unafuata. Akitaka kukohoa anasema "Simama," nasimama, anakohoa amegeuka, anasema "Haya." Hivyo kutwa nzima. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa karibu na mama yangu mzazi tangu nipate akili, nikiona kiwiko chake kinatetemeka, na sikuwa na ruhusa ya kukitazama.

"Mama, pumzika," nikamwambia wakati fulani.

"Unamwambia nani?" akasema. "Kuku hawapo."

Akacheka. Nilisahau nikageuka, nikaona ana mwanya, mpana na mzuri, ule ule wa mke wangu. Nikarudisha macho kwenye diski, uso unanichoma kama niliyeiba. Mtu alikuwa ameniamini vile, ameniruhusu kusimama pale, na mimi nimechukua na kisichokuwa changu.

Lakini aibu yenyewe ilikuja mchana wa siku iliyofuata. Sebule ilikuwa imekwisha, tuko chumbani kwake. Tukasikia hodi uani. Ni yule jirani ninayelala kwake, anatoka shamba, amekuja kuona kazi. Mama alishtuka. Akaliweka jagi chini, akatokea mlango wa nyuma upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akajibanza nyuma ya ukuta. Kama angekutwa begani kwa mkwe wake, ameloa, jagi mkononi, Kinyangiri ingekula habari hiyo mpaka mavuno mengine. Nilimwelewa. Jirani akaingia, akapita sebuleni akisugua marumaru kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kupenda.

"Juzi nilisikia kwa wa pikipiki kwamba pampu imekufa," akasema.

"Ilikufa," nikasema.

"Ikapona?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nyuma ya ukuta ule, umbali wa mkono, mama mkwe wangu alikuwa anajizuia kukohoa. Nilisikia pumzi ikimpanda na akiibana.

"Ikapona," nikasema.

"Mkwe wa maana wewe," akasema jirani. "Peke yako hivi, hata msaidizi huna. Yule mama amebahatika." Nami nikatabasamu, nikasema tunajitahidi tu. Ningeweza kusema nimepata msaada bila kumtaja mtu. Ningeweza hata kumtoa nje haraka ili yule mama akohoe. Badala yake nilimwacha anisifu, nikamwonyesha na kona niliyoikata kwa umbo la mlango, kona ngumu kuliko zote, ambayo mama aliisimamia kwa "Haya, simama, haya" mpaka ikakaa. Jirani aliondoka kwa wakati wake. Alipofika langoni ndipo kikohozi kilipomtoka mama nyuma ya ukuta, kirefu, cha mtu aliyekinyima nafasi.

Alirudi akalichukua jagi. "Haya," akasema. Nikawasha mashine, na tulifanya kazi mpaka mwisho bila mmoja wetu kucheka tena.

Mke wangu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimeshapangusa sakafu, kitanda cha mama kimerudi chumbani, shuka limetandikwa. Alivua viatu mlangoni akatembea juu ya marumaru zile pole pole, akafunika mdomo kwa mkono. Akamfuata mama jikoni, nikawasikia wanaongea Kinyiramba, akarudi macho yana machozi. "Mama anasema nikwambie ahsante sana," akasema. "Anasema umehangaika peke yako."

"Mwambie mama sijahangaika," nikasema, nimegeukia zizi.

Akaenda akamwambia. Yule mama alikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, amegeukia jiko lake, na kila neno amelisikia. Tulikuwa tumerudi mahali petu.

Chakula kikaletwa barazani, ugali na kuku. Mke wangu alikwenda mlango wa jikoni kuchukua maji ya kuninawisha, na mkono wa mama ukatoka na lile jagi la bluu. Kwetu na kwao, hakuna anayempa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, sembuse maji ya kula.

"Mama, mbona kushoto?"

"Wa kulia nimeulalia vibaya."

"Umevimba, mama. Hebu nione."

"Nimeulalia nakwambia. Mnawishe mwenzio, chakula kinapoa."

Mke wangu akaja akainama mbele yangu, beseni mkono mmoja, jagi mkono mwingine. "Kule sokoni niliambiwa umeonekana mjini na pampu imeungua," akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu. "Nikasema wacha, atarudi mwenyewe kunililia. Kumbe ulipata nyingine."

"Nilipata."

"Wapi?"

"Hapahapa."

"Kinyangiri hii? Bei rahisi?"

Tetea mwekundu alipita mbele yetu akaingia mlangoni kwa mama, na nikasikia akiambiwa, kwa Kiswahili: "Kuku wewe, usimsumbue mtu. Mwache anawe, ale."

Mke wangu akamwaga maji. Niliyatazama yakishuka kutoka kwenye jagi lile, nikanyoosha mikono chini yake, na sikuweza kumwinulia uso wala yeye wala mama yake.